Rangi ya Maji ya Lusungu

Maji yalikuwa ya njano.

Yusta Mlelwa aliinua kichupa cha kwanza mpaka usawa wa dirisha, akakitazama kwa mwanga wa asubuhi, akakishusha, kisha akakiinua tena kana kwamba mara ya pili kitamhurumia. Maji ya uti wa mgongo wa mtu asiyeumwa huwa meupe, huwezi kuyatofautisha na maji ya kunywa. Haya yalifanana na chai ya rangi iliyozidishwa maji. Kwa watu wa maabara njano hiyo ni habari mbaya. Maana yake protini imejaa, na protini ikijaa kwenye maji ya ubongo, ujue ugonjwa umeshapanga chumba na kuhamia.

"Umeona," alisema Daktari Ngailo, ambaye siku hiyo alikuwa amevileta vichupa vyote vitatu mwenyewe badala ya kumtuma muuguzi.

"Nimeona. Ni vya nani?"

"Mtoto wa miaka sita, Lusungu Mwinuka. Ana homa ya muda, kichwa, kutapika, na sasa shingo imekaza. Analala tu. Ukimwita anafungua macho, anakutazama, halafu anarudi kwenye usingizi wake."

"TB imepanda kwenye ubongo."

"Mimi najua, na wewe unajua. Anayetakiwa kujua ni Mzee."

Mzee alikuwa nyuma yao, mkubwa kama friji la baa, taa ya kijani ikiwaka utosini. Jina lake la serikalini lilikuwa Kipambanuzi, mashine ya kupimia magonjwa, lakini hospitali yote ya Kilima cha Mvinje ilimwita Mzee, kwa kuwa habembelezwi, hacheki na mtu, na akishasema amesema. Ubavuni mwake lilishikizwa kabati la chuma lisilo na tundu la ufunguo. Humo ndimo ilimowekwa Penya, dawa pekee ambayo vijidudu vya kifua kikuu vilikuwa bado havijaizoea.

"Kinywesheni yote," daktari alisema. "Vijidudu huwa vichache mno kwenye maji haya. Ukikibania hakitaviona."

"Naijua kazi yangu, Daktari."

"Najua unaijua. Nilitaka tu kuisikia sauti yangu mwenyewe ikisema jambo la maana leo."

Akatoka. Yusta akavipanga vichupa kwenye kishikizo, akavua glavu, akaenda kumtafuta ndugu wa mgonjwa. Sheria ilitaka jina lithibitishwe na mtu wa damu kabla maji hayajaingia kwenye mashine.

Alimkuta kwenye benchi la korido, mwanamume mrefu mwenye unga wa mbao kwenye nywele na nyusi, mtoto amelazwa mapajani mwake ndani ya blanketi la kijivu.

"Kamwene, dada."

"Kamwene. Wewe ndiye baba Lusungu?"

"Ndiye mimi. Obadia. Napasua mbao kule Lugalatwa. Mama yake ana kichanga, hakuweza kuja."

Yusta alichutama, akaushika mkono wa mtoto kusoma utepe uliofungwa kwenye kifundo. Mkono ulikuwa wa moto. Aliona viganja navyo vina unjano, akazidi kunyong'onyea moyoni, maana alidhani sasa na ini limeingiliwa.

"Ana jina jingine nyumbani?" aliuliza, ili aseme kitu.

"Tunamwita Boga." Obadia alitabasamu kidogo. "Bibi yake amemharibu. Tangu tuanze kuvuna hataki ugali wala viazi, ni boga asubuhi na boga jioni, na karoti za kuchomoa shambani kwa watu. Nimeshalipia karoti za watu, dada, mpaka nimechoka."

Mtoto alifungua macho aliposikia jina hilo. Yalikuwa macho mazuri, makubwa, yanayochelewa. Yakamtazama Yusta, yakafumba.

"Naomba nikuulize," Obadia alisema, sauti imeshuka. "Ile wodi ya mablanketi. Jirani yetu alipelekwa kule. Walimtunza vizuri sana, sikatai, lakini alipelekwa akafe. Na huyu wanampeleka?"

"Majibu hayajatoka, baba Lusungu."

"Wewe ukiyatazama maji unaonaje?"

Yusta alisimama, akajipangusa magoti ambayo hayakuwa na vumbi. "Macho yangu hayahesabiwi siku hizi," alisema. "Tusubiri mashine."

*

Kipambanuzi kilikuwa kinatoa majibu mawili. La kwanza, ugonjwa upo au haupo. La pili lilikuwa namba kati ya sifuri na mia, na namba hiyo waliipa jina la tumaini. Mashine iliikokotoa kutokana na protini, sukari, chembe za damu, na mabaki ya ubongo ulioanza kuharibika. Mgonjwa mwenye ugonjwa, ambaye tumaini lake limefika thelathini, alifunguliwa kabati. Aliyepungukiwa alipelekwa Wodi ya Faraja, ile ya mablanketi, na kupewa dawa ya maumivu na mtu wa kumshika mkono. Penya ilikuwa haitoshi, ndiyo sababu. Hakuna aliyekuwa mwovu katika jambo hili, na hilo ndilo lililokuwa linachosha, kwamba ulitafuta wa kumlaani ukamkosa.

Yusta mwenyewe hakuwa miongoni mwa waliomchukia Mzee. Zamani, dawa ilipokuwa mikononi mwa watu, mdogo wake Gaitani alikufa kwa ugonjwa huu huu huku dozi yake ikienda kwa shemeji wa diwani. Siku Kipambanuzi kilipopakuliwa kutoka kwenye lori, Yusta alilia kwa furaha mbele ya wapagazi. Mashine haina shemeji.

Sasa alikaa mbele ya vichupa vitatu na akili yake ikaanza kutembea mahali ambapo haikuwahi kutembea.

Kipambanuzi hupima kila tone linavyokuja, hakijui kama limechanganywa. Kama angeyachanganya maji ya Lusungu na maji ya chumvi ya dripu, nusu kwa nusu, protini ingeonekana nusu. Mabaki ya ubongo yangeonekana nusu. Namba ingepanda. Ila sukari nayo ingeshuka, na sukari ikishuka ni dalili mbaya, hivyo ingebidi aongeze tone la sukari ya dripu ili kuirudisha mahali pake. Hayo yote aliyaona kwa urahisi wa kutisha, kama mtu anayepanga viungo vya pilau.

Aliona pia la pili. Vijidudu navyo vingekuwa nusu. Kama vilikuwa vichache tangu mwanzo, mashine ingeweza kuvikosa.

Na la tatu. Dozi moja ikitoka kwenye kabati kwa namba ya uongo, kuna mtu mwingine, wilaya hii hii, ambaye namba yake ya kweli itakuta kabati tupu. Yusta alijaribu kumfikiria mtu huyo. Alijilazimisha kumpa umri, kumvika nguo, kumketisha kwenye benchi. Hakufanikiwa. Mtu huyo hakuwa na uso, na Lusungu alikuwa na macho yale.

Yusta aliona aibu, lakini aibu haikumzuia. Gaitani naye alikuwa hana uso kwa yule aliyempa shemeji wa diwani dawa. Wazo hilo lilimjia likiwa zima kabisa, akalisikia, akanyoosha mkono akachukua bomba la sindano.

Kichupa cha tatu alikiacha kama kilivyokuwa, maji yake halisi ndani, akakisimamisha mwishoni mwa kishikizo nyuma ya chupa za rangi. Vile viwili vya kwanza akavichanganya. Tone la sukari akalitia mwisho. Kisha akakinywesha Kipambanuzi, akabonyeza jina la Lusungu Mwinuka, akaenda sinki kunawa mikono. Alinawa mpaka vidole vikakauka ngozi.

Mashine ilinguruma taratibu. Taa ikageuka kutoka kijani kuwa nyeupe, na maneno yakatokea kwenye kioo.

Kifua kikuu: hakipo. Hali inaelekea homa ya virusi. Mgonjwa aruhusiwe, apumzike, anywe maji ya kutosha.

Yusta aliyasoma akiwa amesimama. Akatazama ubavuni mwa Mzee. Kabati halikutikisika.

"Virusi?" Daktari Ngailo alikuwa mlangoni, simu mkononi, majibu yameshamfikia. Uso wake ulikuwa umefunguka kwa namna ambayo Yusta alikuwa ameisahau. "Kweli, virusi? Mimi ningeapa ni TB."

"Ndivyo kilivyosema."

"Basi leo nimekosea, na sijawahi kufurahi hivi kwa kukosea."

Hapo ndipo Yusta alipotakiwa kusema. Neno lilikuwa tayari kinywani. Kuchezea maji ya mgonjwa lilikuwa kosa la jela, na zaidi ya jela kulikuwa na uso wa daktari, na zaidi ya uso wa daktari kulikuwa na kitumaini kidogo cha kipumbavu, kwamba pengine mashine imesema kweli, pengine ni virusi, pengine njano ile ni ya kitu kingine. Aliogopa, basi. Hakuna namna ya kulipamba.

Kutoka korido alimsikia Obadia akizungumza kwenye simu kwa Kibena, haraka haraka, akicheka na kulia kwa pamoja. Baadaye alipita dirishani akiwa amembeba mtoto mgongoni kama wanavyobeba wanawake, akakimbilia lori la mbao lililokuwa linarudi Lugalatwa. Alimpungia Yusta mkono. Yusta naye akampungia.

*

Mwalimu wake wa zamani wa maabara alikuwa na tabia moja ambayo wanafunzi waliicheka. Kila akipokea maji ya mgongo aliacha kichupa kimoja kisimame mpaka kesho yake, kisiguswe, kisitikiswe, mtu asifunge hata mlango kwa nguvu. Kama ni TB, alisema, maji yenyewe yatakuambia. Protini fulani hujisuka humo ndani na kuning'inia kutoka juu mpaka chini, na vijidudu hunaswa humo.

Yusta hakuwa amekusudia kufanya hivyo. Kichupa cha tatu alikificha tu. Lakini asubuhi iliyofuata, alipozisogeza chupa za rangi, alikiona kimesimama kwenye mwanga, na ndani yake kimening'inia kiutando chembamba, utando wa buibui kabisa, uking'ang'ania uso wa maji.

Alikaa kwenye kigoda chake akautazama. Hakulia. Alichukua sindano yenye ncha iliyopinda, akauvua ule utando polepole, akautandaza kwenye kioo, akaukausha kwa moto mdogo. Akaumwagia rangi nyekundu, akaupasha mpaka ukatoa mvuke, akauosha kwa asidi, akaumalizia kwa bluu. Hadubini ilikuwa imefunikwa kwa mfuko wa nailoni tangu Mzee aletwe. Akaifunua, akaegemeza jicho.

Bluu, bluu, bluu. Akasogeza kioo kidogo. Bluu. Alisogeza tena na tena mpaka shingo ikamuuma, na moyo wake, mpumbavu yule, ukaanza kuchangamka. Halafu akaviona. Vijidudu viwili, vijiti vyekundu, vimelala sambamba, vyembamba, vimepinda kidogo, vimetulia kama vitu visivyo na hatia.

Akampigia Daktari Ngailo. Daktari alikuja, akainama kwenye hadubini, akakaa hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Haya ni ya nani?"

"Ya Lusungu."

"Mzee amesema hana."

"Ni ya Lusungu, Daktari."

"Jicho la mtu si ushahidi, Yusta. Unaijua sheria. Kabati halifunguki kwa hadubini." Aliinua kichwa, na ndipo alipouona uso wake. "Umefanya nini?"

Akamwambia. Nusu kwa nusu. Maji ya chumvi ya dripu.

"Na sukari," aliongeza. "Tone moja."

"Kwa nini sukari?"

"Ili isionekane imeshuka."

"Ndiyo maana kikasema virusi," Ngailo alisema taratibu, akitafuta kigoda kwa mkono bila kukitazama, akaketi. "Umeirekebishia sukari, umeipunguzia protini, umeificha vijidudu. Hata mimi ningesema virusi."

"Niliona rangi. Nilijua namba yake haifiki thelathini."

"Ulijua."

"Niliamini najua."

Yusta alitegemea daktari amfokee. Hakufoka. Alikuwa mtu mpole, na upole wake siku hiyo ulikuwa mzito kuubeba. "Mimi nilifurahi jana," alisema tu. "Nilikwenda nyumbani nikamweleza mke wangu." Akanyanyuka kwenda kuita gari la angani.

Gari la angani halikuruka. Ukungu ulikuwa umelala juu ya Lugalatwa, na chombo hicho kisichokuwa na rubani kilikataa kuondoka uwanjani, kikatoa sauti ya adabu kuomba radhi. Barabara nayo ilikuwa imekatika kwa mvua. Walimpigia Obadia, wakamwambia kuna kipimo kinarudiwa, amlete mtoto. Obadia alisema mtoto alikuwa amekula kidogo jana jioni, ila leo haamki vizuri, pengine ni uchovu wa safari. Alimbeba begani kupita matope, akapata trekta, na siku iliyofuata mchana akafika.

*

Lusungu sasa alikuwa hafungui macho akiitwa jina lolote. Daktari alipomfunua kope, jicho moja lilikuwa limekwenda upande. Walimtoboa mgongo tena, na Yusta alivipokea vichupa kwa mikono miwili. Safari hii vyote vitatu viliingia kwenye mashine kama vilivyotoka kwa mtoto.

Kabla ya kukubali, Kipambanuzi kiliuliza kwa nini mtu yule yule anapimwa upya. Yusta akabonyeza: sampuli ya kwanza iliharibiwa na mtaalamu. Kikauliza iliharibiwaje. Akaandika kiasi cha maji aliyoongeza, na kiasi cha sukari, na jina lake kamili. Kikamshukuru kwa taarifa. Ndivyo kilivyotengenezwa, kushukuru.

Ngailo alisimama nyuma yake. Taa ikageuka nyeupe.

Kifua kikuu: kipo. Tumaini: kumi na tisa.

Yusta alifumba macho. Alikuwa amejiandaa kwa hilo. Alipofumbua, kulikuwa na mstari mwingine chini, kwa maandishi madogo, kwa sababu mashine ile haikuwahi kuacha hesabu yoyote ikiwa na kosa bila kuisahihisha.

Sampuli ya kwanza, baada ya masahihisho: kifua kikuu, inawezekana sana. Tumaini: thelathini na nne.

"Haiwezekani," Yusta alisema. "Yalikuwa ya njano. Daktari, na wewe uliyaona."

Ngailo alisogea, akafungua hesabu za siku ile, akazipitia kwa kidole. "Protini haikuwa juu kiasi hicho," alisema. "Kiasi tu. Kama ungeyaingiza yote, bila kuyagusa..." Akarudi juu ya orodha. "Njano ilitoka wapi, sasa?"

Yusta alikuwa ameshajua. Alikumbuka kiganja kidogo cha moto, na baba anayelipia karoti za watu. Mtoto anayekula maboga asubuhi na jioni hugeuka njano ngozini, kwenye damu, na mpaka kwenye maji ya mgongo, na wala si ugonjwa. Aliwahi kufundishwa hilo. Alikuwa amelisahau kwa sababu ya huruma.

"Boga," alisema.

Ngailo hakuelewa, na Yusta hakuwa na nguvu ya kumweleza.

Daktari alijitolea kwenda kumwambia Obadia. Yusta alikataa. Alitembea korido ile fupi, akaketi kwenye benchi kando ya mwanamume yule, ambaye matope yalikuwa yamemkaukia mpaka magotini, akamwambia yote: maji ya dripu, sukari, utando, namba ya leo. Alimwambia kwa maneno ya kawaida, bila kujitetea. Aliposema atakwenda kujiripoti polisi jioni ile, Obadia alitikisa kichwa kama mtu anayefukuza nzi. Hayo hayakumhusu.

"Mlango wa dawa unafunguka kwenye ngapi?" aliuliza.

"Thelathini."

"Na siku ile ya kwanza, kama usingefanya hivyo, alikuwa na ngapi?"

Angeweza kumwonea huruma tena. Angeweza kusema haijulikani.

"Thelathini na nne," alisema.

Obadia aliangalia sakafu. Midomo yake ilicheza kidogo, akihesabu kama anavyohesabu mbao, kisha ikatulia.

"Tulikuwa tumeshapita," alisema.

"Ndiyo."

"Tulikuwa tumeshapita, dada."

Muuguzi wa Wodi ya Faraja alikuja akiwa na blanketi jipya, laini, la rangi ya samawati. Akamchukua Lusungu kutoka mapajani mwa baba yake kwa utaratibu wa mtu aliyezoea kazi hiyo. Obadia alisimama kumfuata. Hatua chache mbele akakumbuka kitu, akarudi kwenye benchi, akavuta kutoka chini yake mfuko wa salfeti aliokuja nao kupita matope yote yale.

"Bibi yake aliniagiza nikupe," alisema bila kumtazama. "Alisema wewe ndiye uliyetupa majibu mazuri."

Aliutua mfuko magotini mwa Yusta, akaenda zake kuelekea wodini. Ndani mlikuwa na boga moja kubwa, lililooshwa likasafishika, bado na kikonyo chake. Yusta alibaki amelipakata mpaka jioni, Daktari Ngailo alipokuja kumwita waende polisi.